Karani wa Wanyama Hai

Swali lake la kwanza kwa kila mfanyabiashara lilikuwa hilo hilo: "Unapeleka nini, na wako katika hali gani?" Mtu akijibu "mbuzi," alingoja. Akijibu "mbuzi wazima, mia na kumi, madume watupu," ndipo alipochukua kalamu. Akijibu "mbuzi na vitu vingine," kalamu ilirudi mezani, naye akageukia dirishani akatazama nje mpaka mtu yule arekebishe maneno yake.

Sisi tulimwita Karani. Mjini Singida makarani walikuwa wengi, wa mahakama, wa posta, wa ghala la pamba, lakini ukisema Karani bila kuongeza neno, watu walijua ni yule wa forodha, mwenye chumba cha mwisho katika jengo la bati nyuma ya mnada wa mifugo. Chumba kilichopakana na chake kilikuwa changu. Mimi nilikuwa afisa mifugo, na ingawa ni mwanamke, watu wote waliniita Bwana Mifugo, kwa kuwa ndivyo cheo kilivyoitwa siku zote na hakuna aliyeona haja ya kukibadilisha kwa ajili yangu. Kazi yangu ilikuwa kumtazama mnyama, kumpima, kisha kuandika kibali kwamba ni mzima na anaweza kusafiri. Kazi yake ilikuwa kupokea kibali changu, kumtafutia mnyama yule mahali pake katika kitabu cha ushuru, na kujaza fomu ambayo dereva angeionyesha mpakani. Tulikaa hivyo, ukuta kwa ukuta, miaka tisa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Kabla yake ng'ombe walinunuliwa na shirika la serikali, na Karani alipata wageni wawili au watatu kwa wiki. Ruksa ilipokuja, kila mwenye lori, na kila mwenye rafiki mwenye lori, akawa mfanyabiashara wa kupeleka mali nje. Kuku wetu wa kienyeji walisifika mpaka ng'ambo ya Namanga. Wachuuzi waliwaleta kwa baiskeli kutoka vijijini, matenga mawili nyuma na moja mbele, na kufikia saa mbili asubuhi uwanja wote ulikuwa umejaa manyoya na kelele. Wenye mali walikuwa na haraka. Karani hakuwa na haraka. Walimchukia kwa hilo, na siku nyingine hata mimi nilimchukia.

Kitabu chake kilikuwa kinene kama matofali mawili, jalada lake limeshonewa kipande cha turubai. Ndani yake kila kitu ambacho binadamu anaweza kukivusha mpaka kilikuwa kimepewa sura, fungu na namba. Mashine na vitambaa vilikuwa kuelekea mwishoni, na kurasa zile zilibaki nyeupe, maana Singida haikupeleka mashine kokote. Kurasa zilizochakaa kwa vidole vyake zilikuwa za mwanzo. Sura ya kwanza, wanyama walio hai. Ya pili, nyama. Ya tatu, samaki. Punda alikuwa pamoja na farasi. Ng'ombe alikuwa na fungu lake. Mbuzi na kondoo waliwekwa fungu moja, jambo lililomuudhi Karani kila alipolifikia.

"Aliyewachanganya hawa hajawahi kuwachunga hata siku moja," alisema.

Kilichomuudhi zaidi ni mstari wa mwisho wa kila fungu, ule wa "wengineo." Alisema mstari ule uliwekwa kwa ajili ya vitu visivyo na jina, lakini wavivu wameugeuza jalala. Alikuja karani mwingine kutoka Manyoni kumsaidia kwa mwezi mmoja, kijana mwenye shati safi na mwandiko mzuri, akaandika "wengineo" mara tatu kwa siku moja. Karani alizichukua fomu zote tatu, akamrudisha uwanjani kwenye jua, akamwambia awatazame tena wale wanyama mpaka wamwambie ni nani. Yule kijana hakumaliza mwezi.

Nilipenda kumchokoza. Siku moja mwanamke aliweka karai la kambare mbele ya jengo letu, wametoka Ziwa Kitangiri, bado wanajinyonganyonga kwenye maji kidogo. Nikamwita Karani aje aone.

"Mzee, hawa nao si wanyama hai? Sura ya kwanza."

"Sura ya tatu," alijibu bila kuinuka. "Samaki ni samaki, awe hai awe amekufa."

"Kwa nini ng'ombe akifa ahame sura, na samaki asihame?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hata ukimtania. Mwishowe akavua miwani. "Sijui, binti. Nadhani walioandika kitabu hawajamwona kambare wa kwetu akivuka barabara kwa mguu wake."

Aliniita binti mpaka mwisho, hata nilipokuwa na watoto watatu. Mimi nilimwita Mzee, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kupitia dirishani kabla sijafungua mlango wangu. Marahaba yake ilichelewa kidogo kila siku, kama mtu anayeitafuta mfukoni.

Watu wa mnada waliokaa naye watakusimulia habari ya kuku waliokufa. Mfanyabiashara mmoja alipakia kuku wengi kupita kiasi, akasafiri mchana wa jua kali, akafika Namanga robo yao wamekufa. Mpakani wakamrudisha kwa kuwa hesabu ya fomu haikulingana na hesabu ya matenga. Akarudi Singida siku ya nne, macho mekundu, akasimama mbele ya Karani akitaka wale waliokufa waandikwe nyama.

"Waliochinjwa ndio nyama," Karani alimwambia. "Hawa hawakuchinjwa."

"Basi waandike kuku hai waliokufa."

"Hakuna fungu la namna hiyo."

"Sasa hawa ni nini, Karani?"

"Ni hasara yako."

Watu walicheka, na maneno yale yakatembea mjini wiki nzima. Wasichokisimulia ni kwamba Karani hakucheka, na kwamba mchana ule alimwita yule mfanyabiashara ndani, akamfundisha kupanga matenga ili hewa ipite kati, akamchorea kwenye karatasi. Yule mtu aliichana karatasi nje ya mlango.

Na kuna habari ya paja la mbuzi. Mtu mmoja aliyetaka fomu yake itangulizwe alilipeleka nyumbani kwa Karani jioni, akamkabidhi mkewe. Asubuhi Karani alikuja nalo ofisini, akaliweka mwisho wa meza yake, juu yake kikaratasi chenye mwandiko wake wa kulala upande: "Nyama ya mbuzi, mbichi, yenye mfupa. Mwenyewe aje aichukue." Mwenyewe hakuja. Siku ya pili chumba hakikukalika. Siku ya tatu niliingia kwa mamlaka ya kazi yangu, nikatamka kwamba nyama ile haifai kuliwa, nikaamuru ifukiwe. Karani aliniomba niandike hati. Niliandika.

Lakini mtu yule yule asiyepokea paja la mbuzi alichukua baiskeli yangu asubuhi moja bila kuniambia, akakaa nayo wiki tatu. Nilipoiulizia alishangaa kwa dhati. Alisahau miadi. Alilala mezani baada ya chakula, mdomo wazi, na foleni ikamngoja. Kwa mkewe alikuwa mkimya kiasi kwamba mama yule aliniambia siku moja, hana hasira, "Mume wangu maneno yake yote huyaacha kwenye fomu." Alipenda samaki kuliko kitoweo chochote, ila hakwenda sokoni kuwanunua, eti akiwatazama kwenye meza za wauzaji anaanza kuwapanga, waliokaushwa huku, waliotiwa chumvi kule, wa moshi pembeni, na hamu inakwisha.

Kuhusu samaki kuna jambo ambalo kwa muda mrefu sikumsamehe. Alikuja mwanamke kutoka Shelui, mjane, mwenye banda la chai pale malori yanapopumzika. Madereva wa Mwanza walikuwa wakimletea dagaa na samaki wa chumvi, naye akapata mnunuzi ng'ambo ya Tunduma. Ulikuwa mzigo wake wa kwanza, magunia kumi na mawili. Karani alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akatoa dagaa wakavu na vipande vya samaki wa chumvi pamoja.

"Umechanganya."

"Ni samaki wote, baba."

"Waliokaushwa kwa jua wana mstari wao. Wa chumvi wana wao. Mpakani watamwaga magunia yote chini, na ikinyesha huna kitu. Tenganisha."

"Lori linaondoka saa sita!"

"Basi anza sasa."

Nilitoka chumbani kwangu nikamwambia mbele ya watu kwamba ana roho ngumu. Yule mama alitandika kanga na magunia matupu kwenye baraza, akaanza kutenganisha huku machozi yanamtoka. Baada ya muda niliona Karani amevua koti, amechuchumaa upande wa pili wa rundo, anachambua. Walichambua mpaka saa tisa. Lori lilikuwa limeshaondoka, ikabidi apande la kesho yake. Yule mama alivuka na mzigo wake bila gunia kufunguliwa, na akarudi na wa pili na wa tatu, mizigo imetenganishwa tayari. Lakini hakumsalimu Karani tena kwa furaha, na sikumlaumu. Sijui hata leo ni nani kati yetu aliyekuwa na haki siku ile.

Miaka ilivyokwenda alizidi kuchoka. Mizigo iliongezeka, wafanyakazi hawakuongezeka. Mishahara ilichelewa. Fomu ziliisha tukachora mistari kwa rula kwenye karatasi tupu. Kila mfanyabiashara alikuwa na mkubwa wake wa kumtaja. Mchana Karani alivua viatu, akaweka miguu kwenye sakafu ya baridi, akasema kwa sauti ndogo, "Ng'ombe hajui kama nimemwandika vizuri." Alilisema mara nyingi sana, nikaacha kulisikia. Na mimi pia nilikuwa nimechoka.

Hapo ndipo ndege walipokuja.

Nilikuwa nimerudi jana yake kutoka upande wa Mtinko, siku nne za kuchanja ng'ombe, nimelala kwenye madarasa, mikono imevimba kwa kushikilia wanyama. Asubuhi ile alinijia mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye malori mawili, mtu wa maneno matamu. Alikuwa na matenga thelathini, yamefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji.

"Vifaranga, Bwana Mifugo. Kuna mtu Nairobi anafuga. Ukiwafunua jua litawamaliza."

Nilisimama karibu na tenga la kwanza. Nilisikia sauti humo ndani, kali, za kukwaruza, zinapandana. Nimelelewa na kuku, nimesomea kuku, sauti ya kifaranga naijua hata nikiwa usingizini. Ile haikuwa yenyewe. Nilijiambia ni yenyewe. Niliketi nikaandika kibali: vifaranga wa kuku, hai, wazima. Nikapiga muhuri. Kisha nikaegemeza kichwa mezani.

Karani alifunua magunia.

Nilisikia ukimya kwanza, wafanyakazi wa uwanjani wamenyamaza, nikatoka. Matenga yalikuwa yamejaa ndege wadogo wa kijani, vichwa vya rangi ya chungwa, midomo myekundu, na duara nyeupe kuzunguka macho kama waliovaa miwani. Tunawajua sote. Ni kasuku wadogo wanaoshuka kwenye mtama na uwele wakati wa mavuno. Watu walikuwa wamewatega kwa nyavu na kwa ulimbo, maana huko nje kuna wanaowanunua kuwaweka ndani ya nyumba wawatazame. Kuwapeleka kulihitaji kibali cha watu wa wanyamapori, na yule mtu hakuwa nacho. Wengi walikuwa wamekufa, na walio hai wamesimama juu yao.

"Andika kuku, Karani," yule mfanyabiashara alisema. "Sote tuna watoto."

"Kuku yuko wapi?"

"Karatasi ya Bwana Mifugo hiyo hapo mkononi mwako. Inasema vifaranga."

"Naiona."

Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti. Akaingia ndani, akajaza fomu ya kuzuia mzigo. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote nilimwona akiandika "wanyama hai wengineo" bila kusita, kwa kuwa safari hii kweli hapakuwa na mahali pengine. Akatuma mtu kwa watu wa wanyamapori. Kisha akaja chumbani kwangu, akafunga mlango. Hakuwahi kufunga mlango wangu kabla ya siku ile. Akaiweka karatasi mezani.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, Mzee."

Alingoja niendelee. Nilikuwa na watoto watatu na mume asiye na kazi, na niliona yote yanamalizika kwenye karatasi ile moja. Afisa aliyepitisha wanyamapori kwa jina la kuku asingefukuzwa kazi tu. Angefungwa.

"Chukua karatasi yako," alisema. "Na nakala iliyobaki kitabuni, ichukue pia."

"Utaandika nini?"

"Nitaandika mzigo ulikuja bila kibali cha mifugo."

Aliyasema maneno yale akitazama sakafu, kama mtu aliyeagizwa kubeba kitu kichafu. Nilichoma karatasi zote mbili mchana ule katika jiko la mama anayetupikia chai.

Watu wa wanyamapori walifika siku ya tatu. Siku zote mbili za kungoja tulikaa na wale ndege chini ya bati. Mimi niliwapa uwele na maji. Karani kila asubuhi aliingiza mkono kwenye matenga, akawatoa waliokufa, akawahesabu, akaandika. Waliobaki walipelekwa nje ya mji wakaachiwa. Wengine hawakuruka. Walikaa pale pale kwenye majani.

Mfanyabiashara alilalamika kwa wakubwa, kwamba Karani alimnyang'anya kibali halali akakiharibu, na kwamba mali yake ilikufa mikononi mwake. Walikuja watu wawili kuuliza. Walimuuliza Karani, akasema hakuona kibali. Waliniuliza mimi. Nilisema sikuandika kibali chochote siku ile. Nilisema nikiwa nimesimama wima, na sauti yangu haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Hawakuweza kuthibitisha lolote, wakaondoka. Lakini miezi michache baadaye ikaja redandasi, orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa, na jina lake lilikuwemo. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya ndege. Wengi walipunguzwa mwaka ule. Jina langu halikuwemo.

Siku ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa chumba chake nimpe atakayekuja. Nilitaka kusema kitu. Aliniwahi. "Bati la upande wa mashariki linavuja," alisema. "Waambie."

Alirudi kwao Mungaa. Nilijua anakaa Mungaa. Baada ya muda nilihamishiwa huko huko upande wa Ikungi, nikachanja mifugo ya vijiji vyote vinavyoizunguka, na Mungaa nikamwachia mwenzangu mwaka baada ya mwaka. Siku zote nilipata sababu. Mpaka mwenzangu alipofiwa, na mtu akaja kwa baiskeli kusema kuna maksai wa mzee mmoja ameanguka, na hapakuwa na mwingine wa kwenda.

Nilimkuta ameketi kando ya boma lake la minyaa. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe zote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bwana Mifugo mwenyewe." Hakuonyesha kushangaa. "Yuko kule."

Alikuwa maksai kijana, miaka miwili hivi, amefundishwa jembe msimu ule. Mwenzake alikuwa ameshakufa wiki moja kabla. Alilala kwa ubavu, anahema kwa tabu, paja la nyuma limevimba. Nilibonyeza uvimbe, ukatoa sauti ya karatasi kavu inayokunjwa. Chambavu, ugonjwa unaoozesha nyama ya ng'ombe angali hai. Dawa ilikuwa imechelewa.

"Hafiki jioni," nilimwambia.

"Najua. Ndiyo maana nimemwita yule mapema." Alielekeza fimbo yake langoni. Alikuwapo mchinjaji wa barabarani, amesimama na baiskeli, kisu kimeviringishwa kwenye gunia. "Anahitaji kibali chako tu."

"Mzee, huyu ni chambavu. Nyama yake hailiwi."

"Andika amevunjika mguu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama usoni nikitafuta utani, na hapakuwa na utani. Mkewe alikuwa mlangoni, kitambaa mdomoni, anatutazama.

"Siwezi, Mzee."

"Mimi niliweza," alisema.

Hakupandisha sauti. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilifungua begi, nikatoa kitabu cha vibali, nikaweka karatasi ya kaboni katikati, nikaandika jina la kijiji. Niliandika "ng'ombe mmoja, dume." Nilifika kwenye mstari wa sababu ya kuchinjwa. Mchinjaji alikuwa ameshaanza kukunjua gunia. Nyama ile ingefika barabarani kabla ya jua kuzama, ingechomwa ikaliwa na wasafiri, na watoto wa wauza mahindi, watu ambao wasingejua kamwe imetoka wapi. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukatia doa. Kisha nikaichana karatasi, nikamwambia mchinjaji aende zake. Alitukana, akapanda baiskeli.

Karani alinigeuzia mgongo akabaki amemtazama maksai wake.

Maksai alikufa alasiri. Majirani walikwisha kusikia, wakaja na visu na mabeseni kama ilivyo kawaida mnyama akianguka. Nilijiandaa kugombana nao. Karani alisimama kwa fimbo yake, akawaambia kwa Kinyaturu warudishe visu nyumbani walete majembe. Wakaleta majembe. Tulichimba shimo refu kuliko kimo changu, tukamfukia bila kumpasua, tukamwaga majivu juu. Mimi nilichimba na wao mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mkewe alinimwagia maji ninawe. Hakunitazama.

Nilipoaga, Karani alinisindikiza mpaka barabarani, polepole, akipumzika kila hatua chache.

"Nilikuomba kwa sababu nimechoka, binti," alisema tuliposimama. "Kulima kwa jembe la mkono umri huu. Nilipomwona ameanguka, sikufikiri kingine."

"Najua, Mzee." Halafu nikasema kile nilichokuwa sijamwambia mtu, hata mume wangu. "Na mimi siku ile nilikuwa nimechoka. Niliwasikia ndani ya matenga. Nilijua si vifaranga."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayesimuliwa habari ya mvua ya miaka mingi iliyopita.

"Nilijua umewasikia. Hata mimi niliwasikia, nikiwa chumbani kwangu. Nilingoja uwafunue." Akakohoa, akatema pembeni. "Nilingoja sana."

Gari lilitokea mbali, vumbi lake kwanza, kisha lenyewe.

"Kesho uje na chanjo," alisema. "Ugonjwa huu hautaishia kwangu."

Nilirudi asubuhi na mapema, nikiwa na sindano na barafu kwenye chupa ya chai. Alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba. Ng'ombe wa kitongoji kizima walikuwa wamepangwa kando ya minyaa yake, ndama wametengwa na wakubwa, na wenye mifugo wamesimama kimya kila mmoja karibu na wake. Karani aliketi kwenye kigoda mwanzo wa mstari, akiwaita mmoja mmoja waje mbele. Yeye mwenyewe hakuwa tena na hata ndama wa kuchanja.